Pepa la siasa kwenye usaili wa Utumishi: jinsi ya kujiandaa kuanzia siku unatuma maombi

Huu mwongozo ni wa mtu aliyesoma sayansi ya siasa, utawala au uhusiano wa kimataifa, ametuma maombi Ajira Portal (mtandao wa serikali wa kuombea kazi), tuseme Afisa Tarafa, Mtendaji wa Kata, Afisa Mambo ya Nje au kada yoyote ambayo maswali yake yanazunguka serikali na siasa, na sa hivi anasubiri kuitwa kwenye mchujo, yaani pepa la kwanza la usaili wa Sekretarieti ya Ajira. Na kama una digrii ya siasa na unajiona uko fiti, we ndo nakulenga zaidi, maana tuliosoma siasa tunaanguka pepa la siasa kuliko tunavyopenda kukiri.

Siku moja tulikuwa wanne ghetto kwa jamaa yetu tunapiga msuli. Mmoja akatupa swali: Bunge la Jamhuri ya Muungano lina sehemu mbili, zitaje. Mi nikarukia, "wabunge wa majimbo na wa viti maalum." Mwingine akanicheka akasema ni Bunge na Baraza la Wawakilishi. Wa tatu akaanza hadithi ya mabunge ya vyumba viwili ya Uingereza na Marekani, akaongea vizuri kweli, karibu dakika tano. Aliyeuliza akafungua Katiba Ibara ya 62 akasoma taratibu: sehemu mbili, yaani Rais na Wabunge. Kimya. Digrii tatu zimekaa hapo kwenye mkeka na hamna hata mmoja aliyewahi kuifungua hiyo ibara.

Chuo kilitufundisha kujadili. Ukiulizwa mgawanyo wa madaraka unaanza na mwanafalsafa Montesquieu, unapita Ufaransa, unarudi Dodoma umechoka na kurasa tatu zimejaa. Mchujo unataka kujua Waziri Mkuu anaondolewaje, kwa kura ngapi, kifungu gani, na una dakika moja ya kujibu. Kwa iyo kazi kubwa ya maandalizi ni kuacha kusoma maoni ya watu kuhusu katiba na sheria, ukazisoma zenyewe.

Hatua ya 1: Tangazo la kazi ndo silabasi

Watu wanahangaika kutafuta madesa na past pepa za miaka ya nyuma wakati silabasi wamepewa bure. Rudi kwenye tangazo ulilojibu, nenda sehemu ya majukumu ya kazi, yanakili kwenye daftari moja moja, alafu kila jukumu ligeuze kuwa maswali matatu au manne.

Chukua Mtendaji wa Kata. Utakuta jukumu la kuwa katibu wa Kamati ya Maendeleo ya Kata. Hapo hapo jiulize: mwenyekiti wa hiyo kamati nani? (Diwani.) Wajumbe wengine ni akina nani? Ikishaamua kitu, maamuzi yanaenda wapi? Jukumu la kusimamia watendaji wa vijiji linakuletea Mkutano Mkuu wa Kijiji, nani ana haki ya kuhudhuria, Halmashauri ya Kijiji ina wajumbe wangapi (15 hadi 25), sheria ndogo inaanzia wapi mpaka iwe sheria. Kwa Afisa Tarafa neno zito ni kumwakilisha Mkuu wa Wilaya, yaani ujue serikali kuu inashukaje mpaka kwenye tarafa na inakutana wapi na serikali za mitaa. Ukimaliza majukumu yote unakuwa na maswali 40 au 50 na mengi hutayaweza, na hayo usiyoyaweza ndo ratiba yako ya kusoma.

Usisubiri kuitwa ndo uanze. Majina yakitoka siku zinazobaki ni za kutafuta nauli tu.

Hatua ya 2: Katiba ya 1977, kwa Kiswahili, mwanzo mpaka mwisho

Hapa ndo ukae sana. Tafuta nakala ya Kiswahili, chapa yoyote safi yenye mabadiliko yote mpaka yale ya 14 ya mwaka 2005. Usome mara tatu. Mara ya kwanza kama gazeti, usikariri kitu, unataka tu kujua nyumba ina vyumba vingapi na choo kiko wapi. Mara ya pili na kalamu, mara ya tatu unajiuliza maswali huku umeifunga.

Ibara za kuzijua kama namba yako ya simu sio nyingi kivile. Ibara ya 3, nchi ya kidemokrasia, ya kijamaa, isiyokuwa na dini, yenye mfumo wa vyama vingi (hilo neno kijamaa limewatoa watu jasho, wanadhani liliondoka na Azimio la Arusha). Ya 8, wananchi ndio msingi wa mamlaka yote. 12 mpaka 24 haki, 25 mpaka 28 wajibu. 33 kwenda mbele Rais, 47 Makamu, 51 mpaka 53A Waziri Mkuu, 54 Baraza la Mawaziri, 61 Mkuu wa Mkoa, 62 mpaka 66 Bunge, 74 Tume ya Uchaguzi, 98 kubadilisha Katiba, 102 mpaka 107 Zanzibar, 117 Mahakama ya Rufani, 129 Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, 132 Sekretarieti ya Maadili, 143 Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu (CAG), 145 na 146 serikali za mitaa.

Ila namba peke yake ni kasuku. Kinachotegesha watu ni vitu vinavyofanana, kwa iyo visome viwili viwili. Waziri Mkuu anaondolewa kwa kura ya kutokuwa na imani, 53A, na hapo wingi wa kura za wabunge unatosha. Rais ni 46A, anashtakiwa na Bunge kwa utaratibu mrefu, na lazima ifike theluthi mbili ya wabunge wote. Edward Lowassa mwaka 2008 je? Huyo alijiuzulu mwenyewe baada ya ripoti ya sakata la mkataba wa umeme wa Richmond, hakupigiwa kura, na mtu akikuwekea jina lake kwenye machaguo ya 53A jua ni mtego.

Nyingine. Waziri Mkuu lazima awe mbunge wa kuchaguliwa jimboni, kutoka chama chenye wabunge wengi, na Bunge limthibitishe. Waziri wa kawaida anatakiwa awe mbunge tu, hata wa kuteuliwa. Wabunge wa kuteuliwa na Rais hawazidi 10, wanaotoka Baraza la Wawakilishi ni 5, viti maalum wasipungue asilimia 30. Mwanasheria Mkuu ni mbunge kwa wadhifa wake. Spika anaweza kuchaguliwa hata kama sio mbunge, mradi ana sifa za kuwa mbunge. Rais wa Zanzibar ni mjumbe wa Baraza la Mawaziri la Muungano, hili nalo watu wanalipita.

Alafu Nyongeza ya Kwanza, mambo ya Muungano. Yalianza 11, sa hivi ni 22, yasome yote. Elimu ya juu ni ya Muungano, elimu ya msingi hapana, ila Baraza la Mitihani ni la Muungano. Polisi ndiyo, afya hapana. Utabiri wa hali ya hewa ndiyo, na uandikishaji wa vyama vya siasa ndiyo, huo ndo wa 22. Nyongeza ya Pili nayo isome pamoja na Ibara ya 98, kwa sababu kuna mambo ambayo theluthi mbili ya wabunge wote haitoshi kuyabadilisha, inatakiwa theluthi mbili ya wabunge wa Bara na theluthi mbili ya wabunge wa Zanzibar, kila upande kivyake.

Na uangalie mahali sheria mpya imeipita Katiba kwa jina. Ibara ya 74 inasema Tume ya Uchaguzi, lakini Sheria Na. 2 ya 2024 imeleta Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi. Ukijibu taja vyote viwili.

Hatua ya 3: Sheria za chini ya Katiba

Huhitaji kuwa mwanasheria. Zipo chache zinazorudi kila mara. Sheria za Serikali za Mitaa za 1982, Na. 7 ya mamlaka za wilaya na Na. 8 ya mamlaka za miji, na Na. 9 ya fedha. Sheria ya Tawala za Mikoa Na. 19 ya 1997, na humo usiache ile mamlaka ya Mkuu wa Mkoa na Mkuu wa Wilaya kuamuru mtu awekwe ndani hadi saa 48, maana inaulizwa na inajadiliwa sana mtaani. Sheria ya Utumishi wa Umma Sura ya 298, Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya 1995, Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa Na. 11 ya 2007.

Kwenye Sura ya 298 tofautisha Tume ya Utumishi wa Umma na Sekretarieti ya Ajira. Inachekesha kidogo, unafanya usaili wa Sekretarieti alafu ukiulizwa unasema Tume ndo inaajiri. Sekretarieti inaendesha mchakato wa ajira, Tume inasimamia na kusikiliza rufaa za watumishi waliochukuliwa hatua za nidhamu, na kutoka Tume rufaa inapanda kwa Rais.

Hatua ya 4: Historia, ila kwa sababu

Miaka bila sababu inachanganyika kichwani siku ya pepa. Kila mwaka ufunge kamba na sababu yake. 1972 halmashauri zikafutwa kwenye Madaraka Mikoani, huduma zikazorota mijini na vijijini, 1982 sheria mpya zikatungwa kuzirudisha na 1984 zikaanza kazi tena. 1977 ina vitu vitatu, CCM inazaliwa tarehe 5 Februari, Katiba ya kudumu inapita Aprili, Jumuiya ya Afrika Mashariki inavunjika. 1984 haki za binadamu zinaingizwa kwenye Katiba. 1991 Tume ya Nyalali inazunguka kukusanya maoni, walio wengi wanataka chama kimoja kibaki lakini tume inapendekeza vyama vingi, na 1992 inakuwa sheria.

Mfano wa sababu ninaoupenda ni 1994. Kabla ya hapo Rais wa Zanzibar alikuwa Makamu wa Rais wa Muungano. Vyama vingi vilipoingia, ikaonekana chama kingine kinaweza kushinda Zanzibar, na hapo Rais wa Muungano angekuwa na makamu kutoka upinzani. Ndo ukaja mfumo wa mgombea mwenza kwenye mabadiliko ya 11. Ukiielewa hiyo unaelewa pia kwa nini Machi 2021, baada ya kifo cha Magufuli tarehe 17, Samia Suluhu Hassan aliapishwa tarehe 19 bila uchaguzi wowote: Ibara ya 37(5), Makamu anamalizia kipindi kilichobaki. Swali moja la historia limekupa ibara mbili, ya 47 ya Makamu na hii ya 37.

Kwenye orodha hiyo ongeza 1961 Uhuru, 1962 Jamhuri, Mapinduzi ya 12 Januari 1964 na Muungano wa 26 Aprili, 1965 chama kimoja kinaingia kisheria, 1967 Azimio la Arusha, 1995 uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, 2010 Zanzibar na Serikali ya Umoja wa Kitaifa, kisha Tume ya Warioba ya kukusanya maoni ya katiba mpya na rasimu yake ya serikali tatu mpaka Katiba Inayopendekezwa ya 2014.

Hatua ya 5: Nadharia, zipite haraka

Hobbes, Locke, Rousseau na mkataba wa kijamii, tofauti zao kwa sentensi moja moja. Weber na aina tatu za mamlaka halali. Marx. Dola, serikali na taifa vinatofautianaje. Shirikisho na serikali ya umoja, urais na ubunge, na Tanzania inakaa wapi hapo katikati. Wiki moja inatosha kwa aliyepita chuo. Najua hiki ndo kipande tunachokipenda kwa sababu tunakijua, na ndo sababu nakuambia ukipe wiki moja tu.

Hatua ya 6: Mambo ya nje

Kwa Afisa Mambo ya Nje hii inakuwa hatua ya pili kwa uzito, kwa wengine maswali machache. Jumuiya ya Afrika Mashariki: mkataba ulisainiwa 30 Novemba 1999, ukaanza kutumika 7 Julai 2000, makao makuu Arusha. Rwanda na Burundi 2007, Sudan Kusini 2016, Kongo ya Kinshasa 2022, Somalia 2024, jumla nchi 8. Ngazi zake nne kwa mpangilio: umoja wa forodha, soko la pamoja, umoja wa fedha, shirikisho la kisiasa. SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, nchi 16, makao Gaborone. OAU, umoja wa zamani wa nchi za Afrika, 1963 Addis Ababa, AU iliyochukua nafasi yake 2002. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa wajumbe 15, wa kudumu 5.

Sera ya nje yetu isome kwa zama. Zama za ukombozi, nchi za mstari wa mbele, kuvunja uhusiano na Uingereza mwaka 1965 kwa sababu ya Rhodesia (Zimbabwe ya leo). Alafu diplomasia ya uchumi kwenye sera ya 2001. Swali la kawaida ni kwa nini tulihama kutoka kule kuja huku, na ukijibu utaje kwamba ukombozi wa kusini ulikamilika 1994, vita baridi vikawa vimeisha, na uchumi ulikuwa hoi.

Hatua ya 7: Kujifunza kuandika jibu fupi lenye nondo

Mchujo mwingine ni wa kuchagua jibu tu, na siku hizi saili zingine zinafanyika kwenye kompyuta. Lakini ukikutana na swali la kujieleza, hapa ndo wanapotofautiana. Swali: eleza uhusiano kati ya Mkuu wa Wilaya na Mkurugenzi wa Halmashauri. Wengi wanaanza hivi: "Tangu enzi na enzi binadamu amekuwa akihitaji uongozi bora ili kujiletea maendeleo..." Msahihishaji ana rundo mbele yake, huyo ashamchosha.

Anza kwenye jibu lenyewe:

"Wote wawili wanateuliwa na Rais ila wanasimama pande mbili tofauti. Mkuu wa Wilaya anawakilisha serikali kuu chini ya Sheria Na. 19 ya 1997 na ni mwenyekiti wa kamati ya usalama ya wilaya. Mkurugenzi ni mtendaji mkuu wa halmashauri na katibu wa baraza la madiwani, na halmashauri yenyewe inasimama kwenye Ibara ya 145 na 146 za Katiba. Msuguano hutokea Mkuu wa Wilaya anapotoa agizo lenye gharama ambalo halimo kwenye bajeti iliyopitishwa na madiwani, Mkurugenzi akabaki katikati ya wakubwa wawili."

Sentensi nne. Umetaja nani anateua, sheria, ibara, na umeonyesha unajua ofisini kunavyokuwa. Fanya hivo kila siku kwa swali moja, kwa mkono, kwenye karatasi, weka dakika 8 kwenye simu. Mwanzoni dakika zitaisha hujamaliza sentensi ya pili, ni kawaida. Na uandike kwa Kiswahili siku moja, Kiingereza siku inayofuata, kwa sababu kuna watu wanaijua Katiba vizuri kabisa kwa Kiswahili alafu pepa linakuja kwa Kiingereza wanashindwa kukumbuka theluthi mbili inaitwaje.

Hatua ya 8: Watu wa kusoma nao

Watatu au wanne, wasizidi. Group la WhatsApp lenye watu 200 linageuka la kuulizana "vipi majina yametoka?" kuanzia asubuhi mpaka usiku. Utaratibu wetu ulikuwa kila mtu anakuja na maswali 10 na ibara zake, ukikosea unasoma ibara nzima kwa sauti mbele ya wenzako. Aibu ile inafundisha kuliko madesa. Na kila jibu linalotoka kwenye PDF ya mtandaoni likaguliwe kwenye sheria yenyewe, kuna PDF moja ilituambia mambo ya Muungano ni 23 na tuliamini wiki nzima.

Hatua ya 9: Makaratasi na siku yenyewe

Hili dogo linaangusha watu wenye akili. Tangazo la kuitwa lisome mpaka nukta ya mwisho. Namba ya mtihani unainakili mwenyewe kwenye akaunti yako ya Ajira Portal, usitegemee kupewa mlangoni. Kitambulisho halisi, cha NIDA au kingine walichokitaja. Vyeti halisi kuanzia cha kuzaliwa, na hati za matokeo za kidato cha nne na cha sita hazikubaliwi, wanataka cheti chenyewe. Kama jina la cheti cha kuzaliwa na la chuo yanatofautiana hata herufi moja, shughulikia hati ya kisheria ya kubadili jina sasa hivi. Umesoma nje? Uwe na uthibitisho wa mamlaka husika ya elimu. Nauli, chakula na malazi ni juu yako, na kama kituo kiko mkoa mwingine fika jana yake, mabasi yana mambo yake.

Ndani ya chumba pita maswali yote mara moja, jibu unayoyajua, yenye mtego yarudie. Ukiona swali lina neno "isipokuwa" au "sio" lipigie mstari, kichwa kikiwa na presha macho yanaliruka.

Ukipita mchujo unaingia mahojiano na pale wanakuuliza yale yale kwa mdomo, kwa iyo lile zoezi la kusoma ibara kwa sauti linalipa tena. Ila huko jibu kwa mfano wa kazi: "nikiwa Mtendaji wa Kata na kijiji kikakataa kuitisha mkutano mkuu, nitaanza kwa..." Na ukifaulu mahojiano lakini nafasi zikajaa, jina linaweza kuhifadhiwa kwenye kanzidata na ukapangiwa kituo baadaye, miezi kadhaa mbele wakati umeshasahau, kwa iyo ile laini ya simu uliyoijaza kwenye akaunti usiitupe.